Sheria ya Bunduki Mangweni

Nianze na bunduki yenyewe, maana watu wa siku hizi wakisikia bunduki hudhani ni zile za sinema. Hii ilikuwa gobore. Ndefu kumshinda mwenyewe, kitako kimefungwa waya, na ukitaka kuipiga sharti ushindilie baruti, ushindilie na marisau, yaani vile vijirisasi vidogo vidogo, umtaje Mungu, kisha ungoje. Ikipenda italia. Isipopenda, nguruwe-mwitu atamaliza muhogo wako na kuondoka zake taratibu, bila hata kukutazama.

Mwenye gobore alikuwa mzee jirani yetu huko Mjambere, mkulima wa muhogo na mahindi, nasi sote tukimwita Baba, hata waliomzidi umri. Katika Kisauni niliyoijua mimi, mtu mweusi mwenye kibali cha bunduki alikuwa huyo tu. Basi serikali, kwa mapenzi yake makubwa kwetu, ikaona tuko hatarini, ikatutungia sheria.

Mjambere ya wakati huo ilikuwa minazi, mikorosho na vichaka. Hizi nyumba za ghorofa mnazoziona hazikuwako, wala Kongowea haikuwa na soko hili la malori na mikokoteni. Mimi nilikuwa mgema. Shule nilikwenda kidogo, nikajua kuandika jina langu, nikaona yatosha. Mnazi hauulizi cheti. Nilimgemea mama mmoja mjane aliyekuwa na mangwe, yaani mahali petu pa kunywea tembo: ua wa makuti, magogo ya kukalia, mtungi katikati, na leseni ya serikali imetundikwa mlangoni kama picha ya marehemu. Wanawe walikula kwa leseni ile. Ikiondoka, hana shamba, hana ng'ombe, hana ndugu wa kumkimbilia. Hilo kila mnywaji alilijua.

Siku moja Bwana Shauri, ndiye afisa wa serikali wa wilaya yetu, akatuita barazani. Kijana wa Kizungu, amehamishwa kutoka bara, na Kiswahili chake pia kimehamishwa kutoka huko huko. Akapanda juu ya lori akasema, "Mutu na bunduki hapana ingia mahali ya pombe. Mwenye pombe akikubali yeye, mimi chukua leseni. Mumesikia?"

Tukamjibu tumesikia. Tukapiga makofi, maana ndivyo baraza linavyokwisha. Kisha watu wote, mamia ya watu, tukageuza shingo kumtazama Baba.

Sasa, Baba alikuwa na sheria nyingine alikwisha kupewa kabla ya hiyo. Zilikuwa bado siku za Hali ya Hatari, bara hakukaliki, na serikali iliogopa bunduki zisije zikaibiwa zikaingia msituni. Akaambiwa: bunduki yako isitoke machoni mwako. Ikipotea, wewe jela. Na nyumba ya Baba mlango wake ulikuwa gunia.

Alasiri ile ile akaja, koo limemkauka, akasimama nje ya ua na gobore lake begani.

"Mama! Hodi!"

"Hodi ya nini, Baba, na jini lako begani? Irudishe nyumbani hiyo."

"Nikiiacha nyumbani nafungwa."

"Ukiingia nayo nafungiwa mimi."

"Kumbe serikali ilikusudia nisinywe."

"Serikali haina habari na wewe. Kaa mbali na mlango wangu!"

Walevi ndani wakacheka mpaka mmoja akamwaga kata yake ya tembo, ndipo akanyamaza. Lakini mtu mzima kusimama juani akisikia wenziwe wakinywa, si jambo. Nikatoa shauri. Mle ndani ya ua mlikuwa na mnazi niliokuwa nikiugema, nimeukata vidato vya kupandia, na kamba yangu ya kuteremshia kibuyu i juu daima. Nikasema, bunduki ifungwe kambani huko huko nje ya ua, mimi niivute nikaitundike kileleni. Baba akikaa chini anaiona: haijatoka machoni mwake. Mlevi hawezi kuipandia: haiko mkononi mwa mtu. Sheria zote mbili zimelala usingizi.

Ikawa ndiyo ada. Kila alasiri gobore linapanda, Baba anaingia, anakunywa kichwa kimeelekea juu kama kuku anywaye maji. "Baba, bunduki yako leo imegema kiasi gani?" "Baba, itilie mashudu!" Naye hajali, kata i mkononi.

Hapa ningependa kusema kidogo habari za hoteli, kwani nilikuwa nikipeleka madafu katika hoteli moja ya Wazungu ufuoni. Walowezi wa bara walikuja pale kupumzika, na bastola zao viunoni kwa kuogopa watu wa msituni. Msitu wenyewe uko mwendo wa usiku kucha kwa gari la moshi, lakini mwoga haombwi sababu. Bastola iliwekwa mezani, kati ya glasi na sahani ya korosho. Mmoja wao akilewa alikuwa akimwelekezea kunguru na kusema "pau!" kwa mdomo, na mkewe anacheka. Nikamwuliza mtumishi wa mezani, "Na ile sheria, ndugu yangu?" Akanitazama kwa huruma. "Ile ni sheria ya mahali pa pombe. Hapa ni hoteli." Nikachukua kapu langu nikaenda zangu, nimeelimika.

Turudi Mjambere. Bwana Shauri akaja kukagua na askari wake mmoja. Akatazama mtungi, safi. Akatazama leseni, ipo. Akaridhika, akavua kofia ajipepee, na mtu akijipepea macho huenda juu.

"Nini ile?"

Sote tukatazama juu, kana kwamba nasi twaiona mara ya kwanza.

"Ni bunduki, bwana," mama akasema. "Lakini haimo ndani. Iko juu."

"Nani peleka juu?"

"Kamba, bwana," Baba akajibu, wala hakucheka.

Bwana Shauri akafikiri sana. Akaniuliza tembo hutoka wapi. Nikamwambia hutoka kileleni, bwana, pale pale kinapoonekana kibuyu. Akapiga mguu chini kwa furaha: basi kama pombe inatoka kule juu, kule juu ndiko mahali pa pombe, na bunduki imekutwa mahali pa pombe. Wallahi sijapata kuona mtu aliyefurahi hivyo. Nasi wagema miaka yote hiyo hatukujua kwamba tukipanda tunaingia kilabuni.

Mama akapiga magoti. Halafu, akiwa pale pale chini, macho yake yakafika kiunoni mwa Bwana Shauri, penye bastola.

"Na hiyo yako, bwana?"

"Mimi ni serikali," akasema, tena kwa upole, kama anayemsaidia mtu asiyeona vizuri.

Akatoa hukumu ya huruma: mama achague, leseni au mnazi. Mnazi ule ulikuwa ndio wenye tembo tamu kuliko yote, lakini mama hakuchelewa. Nikaukata mimi mwenyewe. Moyo wa kilele tukaula, mweupe, mtamu, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kula kutoka kwenye sheria.

Baba naye akafanya alivyoagizwa: bunduki isiingie. Akaketi nje, ameegemea ua, gobore mapajani, na kata ikawa inapitishwa kwenye tundu la makuti. Sheria haikusema neno juu ya nje. Kwa hiyo ile bunduki iliyokuwa juu kileleni, mbali na kila mlevi, sasa ilikuwa imelaliwa na mlevi. Askari walipita na baiskeli wakimwamkia, "Shikamoo, Baba," naye "Marahaba, wanangu," akiwaelekezea mdomo wa gobore bila nia mbaya.

Tulikaa hivyo mpaka karibu na uhuru. Alasiri moja wawili ndani wanagombana, huyu adai Mwambao, yaani pwani yetu hii, ni wa Sultani, huyu adai ni wa Kenya, Baba nje kasinzia. Gobore, ambalo mbele ya nguruwe lilikuwa na haya, siku ile likaona ndiyo siku. Marisau yakapita ua, yakapita kati ya Sultani na Kenya, yakamchana sikio mtoto wa mama, aliyekuwa akituchotea tembo, yakaupasua mtungi.

Bwana Shauri akaja. Akaonyeshwa tundu. Akauliza bunduki ilikuwa wapi. Nje, bwana. Nje kabisa? Kabisa. "Basi hapana makosa," akasema. "Leseni salama." Bunduki haikuingia, yaliyoingia ni marisau tu, na hayo hayakutajwa barazani.

Mama alikuwa ameshika kichwa cha mwanawe, damu mpaka kiwikoni. Hakumshukuru.

Kesho yake Baba alipoketi nje, mama akatoka akamshika mkono akamburuta ndani, gobore na yote. Mlangoni akaweka debe. "Baruti na marisau, humo. Kisha kaa hapa ninapokuona."

"Na leseni, mama?" mimi nikauliza.

"Leseni haina masikio."

Habari zilifika, mambo ya watu hufika. Bwana Shauri akaja kuichukua leseni, na bastola yake kiunoni. Mama akamzuia mlangoni, akamsogezea debe kwa mguu.

"Risasi, bwana. Hapa watu wote hutoa hapo."

Hakutoa. Alinyoosha mkono juu ya kichwa cha mama, akaibandua leseni, akapanda gari. Siku ile tulikunywa bila leseni na bila bunduki hata moja yenye kitu ndani, na nadhani katika Kenya nzima hapakuwa na mahali pengine pa pombe palipoitii ile sheria.