Mzee Aliyeniomba Hotspot

Kabla hujaanza kucheka, jua kwamba mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko hapa Kitale, karibu na soko, na kazi yangu ni kufungua simu za watu, kuzikausha maji, kuzibadilishia vioo na kusikiliza wenyewe wakiapa kwamba ziliharibika zikiwa zimelala tu mezani. Simu hainidanganyi. Kwa hivyo nikikwambia jambo hili lilitokea, nyumbani kwangu, mke wangu akiwa hapo hapo, usiniambie ati nilikuwa nimelewa. Sinywi pombe. Uliza kanisani kwetu.

Lilitokea mwaka ule mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Naomi, mke wangu, alijifungua salama, mvulana mzito mwenye sauti ya mhubiri wa sokoni. Tulimwita Jayden. Jina hilo Naomi alikuwa amelichagua hata kabla tumbo halijaonekana, na mimi sikuwa na neno. Shida ni kwamba tangu tulipomleta nyumbani, Jayden alilia. Sisemi alilia vile watoto hulia. Alilia mchana, akalia usiku, ananyonya kidogo, anaachia titi, anaendelea kulia. Daktari akampima, akasema ni mzima. Tukaenda kwa mwingine, naye akasema ni mzima, halafu akatutazama sisi wazazi kama ndio wagonjwa. Lakini mtoto alikuwa anapungua. Vile vimikono vilivyokuwa vimejaa vilianza kukonda mbele ya macho yetu, na Naomi naye alikuwa amebaki macho tu. Nakwambia bila aibu, niliogopa tungempoteza.

Nyanya yangu, Kukhu, anaishi Sirisia, na aliposikia kile kilio kwa simu hakuuliza daktari amesema nini. Sisi Wabukusu tunajua mtoto akilia hivyo analilia jina. Kuna mtu wa ukoo, aliyekwisha kufariki, anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Basi nyanya humpakata mtoto akataja wazee waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na akimfikia mwenyewe, mtoto hunyamaza. Ndivyo nilivyopata jina langu mimi, na ndivyo baba yangu alivyopata lake. Kazi hiyo inataka mtoto awe mapajani mwa nyanya yake.

Sasa sisi tulifanyaje? Tuliifanya kwa simu ya video.

Ungetushauri nini? Miguu ya Kukhu ilikuwa imemshinda, hangeweza kuja Kitale. Mtoto naye alikuwa mnyonge, na mvua ile ilikuwa ya kufunga watu ndani. Baba yangu mdogo aliyeko Bungoma mjini ndiye peke yake aliyekataa. "Majina hayaitwi kwa simu," alisema. "Mnajua ni nani mwingine anasikiza?" Tulimwona ni mtu wa kizamani. Niamini, siku hizi nikiongea na mzee huyo huwa nakaa wima.

Ilikuwa Jumamosi, jioni jioni, mvua inanyesha na stima imepotea. Simu yangu ilikuwa na bundles za data za kutosha lakini kamera yake ilikuwa imekufa, maana hakuna mtu mwenye simu mbovu kama fundi wa simu. Ya Naomi ilikuwa nzuri lakini haikuwa na bundles hata za salamu. Kwa hivyo niliiweka yangu dirishani, pahali pekee nyumbani mwetu ambapo mtandao haukatikikatiki, nikawasha hotspot ili Naomi aunganishe yake. Hapo ndipo mlango ulipobishwa.

Nilipofungua nilimkuta mzee mmoja kwenye baraza. Koti refu la kijani lililopauka, gumboots, kofia iliyolowa, na sikio la kushoto limekatika ncha. Akanisalimia, "Mulembe," nami nikaitikia, nikajua ni mtu wetu.

"Kijana," akasema, "nasikia uko na hotspot."

Hebu jiulize, mtu husikiaje hotspot? Lakini ndani kulikuwa na kilio cha kutoboa masikio, nami akili yangu haikuwa mahali pake. Nikamuuliza anataka hotspot ya nini.

"Nataka kuongea na watu wa nyumbani. Ni siku nyingi sana."

Akatoa simu kwenye koti. Wewe, ilikuwa kabambe. Ile simu ndogo ya vibonye na tochi, tena imefungwa kwa raba isifunguke. Nikamwambia kwa heshima kwamba simu hiyo haina WiFi, haina kamera, haina chochote, kwamba hata angekaa juu ya mnara wa mtandao isingeshika hotspot.

"Wewe nipatie tu paswadi," akasema.

Nilimpa. Ningembishia mzee kwenye mvua, ningeonekana mtu wa namna gani? Tena nilitaka tumalizane nirudi ndani. Paswadi ilikuwa jina la mtoto na tarakimu chache. Akabonyeza herufi moja moja kwa kidole gumba kikubwa, kisha akasita.

"Jayden ndiye nani?"

"Ni mtoto wangu, mzee. Huyo unayesikia akilia."

Akatega lile sikio lake lililokatika. "Jayden mimi simjui," akasema. "Lakini huyo anayelia namjua."

Nikasema ni maneno ya uzee. Naomi, ambaye hata akiwa hajalala wiki nzima hawezi kuona mgeni akakosa kumkaribisha, akamtolea stuli na chai. Mzee akanywa, akaomba sukari zaidi, akanywa kikombe cha pili, akauliza kama kuna mandazi. Kwa hivyo usiniletee yale mambo ati mizimu haili. Tukamwacha barazani, na kwa sababu mvua ilikuwa inampiga miguuni, nikamwazima mwavuli. Nikafunga mlango.

Tukampigia Kukhu. Kule Sirisia simu ilikuwa imeshikwa na binamu yangu Rispa, na Kukhu alikuwa amekaa kitandani na leso mpya. Naomi akamweka mtoto mbele ya kamera, mimi nikakaa karibu naye, na Kukhu akaanza kuita. Wanjala. Mtoto analia. Barasa. Analia. Masinde, Wekesa, Khaemba, Murunga. Alianza kwa baba zake babu, akashuka kwa ndugu, akaingia kwa wajomba, na kila jina lilikuwa kama kumwongezea mtoto nguvu za kulia. Nikaona hata Kukhu anapungukiwa na watu. Kisha akaisogelea simu kwa hasira.

"Na huyo mumwambie aache kunichanganya," akasema.

"Nani, Kukhu?"

"Huyo mzee nyuma yako. Kila jina nikitaja, anatikisa kichwa."

Niligeuka. Nyuma yangu kulikuwa na kabati la vyombo na kalenda ya kanisa. Hakukuwa na mtu, na mlango ulikuwa na komeo. Nikamwangalia Rispa kando yake kwenye kioo cha simu, nikitumaini atacheka. Rispa ni mtoto wa chuo, msichana wa kuwasalimia maaskofu kwa niaje. Alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Ako hapo, bro," akasema polepole. "Ako na koti."

Halafu simu ikaanguka. Tuliona mabati ya nyumba ya Kukhu, tukasikia miguu ya Rispa ikitoka mbio na kuku wakipisha njia. Nilitamani kukimbia pia, lakini niambie, unakimbilia wapi ikiwa huyo mtu yuko nyuma yako na pia yuko barazani kwako? Nikabaki pale pale.

Kukhu, ambaye hakuwa amewahi kushika simu ya kioo maishani mwake, aliiokota mwenyewe. Kwa hivyo sehemu yote iliyobaki tuliongea na paji lake la uso.

"Mwambie ageuke nione sikio," lile paji likasema.

"Kukhu, mimi simuoni."

"Basi nyamaza. Anageuka." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya msichana karibu. "Sitati," akasema.

Na mtoto akanyamaza. Alinyamaza katikati ya kilio, mdomo ungali wazi. Naomi alidhani amekufa, akamwekea sikio kifuani, mimi nikashindwa hata kusogea. Kisha yule mtoto akapiga miayo, akatafuta titi la mama yake, akanyonya mpaka usingizi ukamchukua. Nyumba ilikuwa kimya hata tukasikia mvua, kitu ambacho hatukuwa tumesikia tangu tumlete mtoto kutoka hospitalini. Naomi alilia. Nililia pia, na sina sababu ya kukuficha.

Kukhu hakulia. Kukhu aligomba. "Sitati wewe, uliondoka hapa kwenda kuvuna mahindi ya watu, ukasema utarudi Krismasi. Krismasi gani? Mama yako aliangalia hiyo njia mpaka akafa. Na ulienda na baiskeli ya ndugu yako, rakini hiyo tutaongea siku ingine."

Ndipo nikaelezwa. Sitati alikuwa mdogo wake babu. Alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya upande wa Saboti, akaugua, akafa, akazikwa huko huko na wafanyakazi wenzake. Habari zilifika nyumbani zikiwa zimechelewa, na hakuna aliyejua kaburi. Hakuna aliyemlilia kwenye boma lao, na jina lake halikupewa mtoto yeyote, kwa sababu kila mara majina yalipoitwa, yeye alisahaulika. "Tena alikuwa mutu wa kuomba," Kukhu akasema. "Tumbaku, kisu, koti. Hata hiro koti aliomba kwa mutu."

Nilijipa moyo nikafungua mlango. Stuli ilikuwepo. Vikombe vilikuwa vimekwisha chai mpaka tone la mwisho. Mzee hakuwepo, na mwavuli wetu haukuwepo. Mwavuli huo haujarudi mpaka leo.

Nikaenda dirishani kuzima hotspot. Kwenye orodha kulikuwa na vifaa viwili vilivyounganishwa. Simu ya Naomi, na chini yake kingine kilichoandikwa SITATI. Mimi ni fundi. Nilikwambia kabambe haina WiFi, na bado nakwambia haina.

Baba mdogo alikuja kutoka Bungoma na wazee, wakazunguka Saboti wakiulizauliza mpaka wakaonyeshwa pahali, na yanayofanywa kwa mtu aliyezikwa ugenini yakafanywa. Kuku walichinjwa Sirisia, watu wakamlilia kana kwamba amekufa juzi. Kijana wetu sasa ni Sitati. Jayden limebaki kwenye kadi ya kliniki. Ananenepa, analala, anakula kama mchimba mitaro, na anaomba vitu. Hawezi kupita mlango wa jirani bila kuomba. Juzi alirudi nyumbani na sufuria ya watu.

Lakini simu yangu haijapona. Hotspot nikiizima, yule kijana anaamka hata kama alikuwa usingizini fofofo, anaanza. Nikiiwasha, analala. Nilibadilisha paswadi, jina likabaki. Nikabadilisha laini, nikanunua simu nyingine kabisa, na kabla sijamaliza kuweka tarehe na saa, SITATI alikuwa ameshaunganishwa. Bundles zinaisha kwa njia ambayo siielewi. Ukiniuliza mzee huwa anatazama nini, sijui, na sitaki kujua. Rispa hamshikii tena nyanya yake simu. Wakitaka kunipigia wanamwita mtoto wa jirani.

Nilikuwa nimezoea, ukweli ni huo. Unaweza kuzoea chochote kama mtoto wako anapumua vizuri usiku. Ila wiki iliyopita nilikuwa natazama ile orodha, nikaona wamekuwa wawili. Chini ya SITATI palikuwa pameandikwa NABALAYO. Huyo si wa kwetu, simjui. Nikadhani ni mpangaji mpya amepata paswadi yangu, nikawa karibu kumfungia. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo kabisa Naomi alipopita nyuma yangu, akasoma, akaketi bila kuangalia kama kuna kiti.

"Huyo ni marehemu nyanya yetu wa Myanga," akasema. "Mama yake baba yangu." Akaweka mkono tumboni. "Nilikuwa nataka kukuambia kesho."

Kwa hivyo nakuonya, na ninakuonya nikiwa na akili timamu. Wasiojulikana wakiingia kwenye hotspot yako, usikimbilie kuwafungia. Zima jiko, mwite mke wako, mkae chini, umuulize taratibu kama kuna jambo. Mimi nilijua nitakuwa baba tena kabla mama mkwe hajajua, na mpaka leo hajanisamehe.