Sahihi ya Fundi Luseno

Mume wangu, Sylvance Luseno, hufunga upya mota zilizoungua. Pampu ya ploti ya kupangisha ikikataa kupandisha maji, au mashine ya kusaga unga ikitoa moshi, watu huleta mota kwenye karakana ya Kinyanjui pale Mbotela, na Kinyanjui humwita yeye. Ana miaka hamsini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo amekuwa fundi mkuu hapo. Majirani zetu wa mtaa wa Umoja watakuambia ni mtu mpole, mzee wa kanisa, hana neno na mtu. Ni kweli. Ndiyo maana jambo hili linanichoma, kwa sababu tulilifanya pamoja.

Kazi yenyewe iko hivi. Ndani ya mota mna waya wa shaba uliozungushwa kwa mafungu. Ukiungua, unang'olewa wote na kuwekwa mpya. Lakini kabla ya kung'oa unahesabu: kila fungu lina mizunguko mingapi, na waya una unene gani. Ukishaung'oa na kuumwaga kwenye karai bila kuhesabu, basi, hiyo mota umeipoteza. Hesabu hiyo ndiyo mafundi huficha. Aliyemfundisha Luseno kila alipofika hapo alimgeuzia mgongo, na Luseno aliutazama mgongo huo miaka minne, akiiba kidogo kidogo kwa macho. Tulipokuwa wachumba aliniapia kwamba siku akipata mwanafunzi hatamgeuzia mgongo.

Hakumgeuzia. Alichofanya ni kufika karakana saa moja kabla yake.

Mwanafunzi huyo ni Nzembi. Aliletwa na mpango wa mafunzo kazini: mwajiri anakupokea, msimamizi anakufundisha, na kila Ijumaa msimamizi anatia sahihi kwenye daftari lenye orodha ya kazi unazopaswa kuzijua. Nzembi hakuwa mtoto. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, watoto wawili, na mikono iliyokuwa imefulia watu nguo kwa miaka. Wiki ya kwanza Luseno alirudi nyumbani akimsifu: akishika patasi, waya wa zamani unatoka bila kukwaruza chuma. Wiki ya pili akamsifu tena. Wiki ya tatu nikamkatiza.

"Baba Mideva, huyo akijua yote, wewe utabaki hapo ukifanya nini? Kinyanjui ataweka mafundi wawili?"

Aliendelea kula. Lakini kesho yake aliondoka nyumbani mapema, na keshokutwa yake pia, na ikawa desturi. Mota zilimfikia Nzembi zikiwa zimeshahesabiwa, namba ziko kwenye kijitabu kilichokaa mfukoni mwa Luseno. Nzembi alibaki kung'oa waya, kusafisha, kukata karatasi za kuzuia umeme na kupaka vanishi. Kazi ilienda mbio, Kinyanjui akafurahi. Na kila Ijumaa Luseno alitia sahihi mstari baada ya mstari, hadi ule wa kuhesabu mizunguko na kupima waya.

"Nitamwonyesha kabla ya mtihani," aliniambia.

"Haraka ya nini?" nikasema. Naona aibu kuyaandika maneno hayo, lakini ni yangu.

Mtihani ulikuja Machi ya mwaka uliofuata, na Luseno hakuwa amemwonyesha. Nzembi alikuwa ameahidiwa kazi ya kutunza pampu kwenye majumba fulani ya kupangisha, mradi alete cheti kabla mwezi haujaisha. Msimamizi alitakiwa kuhudhuria, kwa hivyo Luseno aliketi kwenye benchi la nyuma. Mtahini akaweka mota iliyoungua mezani, akamwambia Nzembi aifunge upya.

Nzembi akachukua patasi. Luseno anasema alijua kitakachotokea kabla patasi haijagusa waya. Alitaka kukohoa tu, amzindue, na hakukohoa. Nzembi akang'oa kila kitu, safi kabisa, kama alivyozoea kwa miezi kumi na minne, akamwaga shaba yote kwenye karai, akapangusa chuma mpaka kikang'aa. Kisha akasimama akingoja apewe namba.

"Mizunguko ilikuwa mingapi?" mtahini akauliza.

Nzembi akatazama karai. Mtahini akafungua daftari.

"Hapa inaonyesha ulifundishwa. Nani alitia sahihi?"

Nzembi hakugeuka kutazama nyuma. "Fundi wangu alinifundisha," akasema. "Ni mimi nimesahau."

Na mzee wa kanisa akanyamaza. Nzembi akaambiwa arudi baada ya miezi sita. Ile kazi ya pampu akapewa mtu mwingine.

Jioni hiyo Luseno alinisimulia yote bila kuvua viatu. Nikatafuta la kumfariji, nikasema angalau kazi yake bado ipo. Aliniangalia mpaka nikaondoka nikaenda jikoni.

Jumatatu alianzia kwa mtahini, akakiri. Mtahini aliandika maelezo yake, lakini miezi sita ikabaki miezi sita. Kutoka hapo alikwenda karakana, akaweka mota isiyohesabiwa mbele ya Nzembi, na juu yake akaweka kile kijitabu.

Ijumaa niliwapelekea chakula cha mchana. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo, ila nilikuwa nimejiandaa kumwomba Nzembi msamaha. Nilimkuta ameinama, kidole kwenye waya, midomo ikihesabu kimya kimya.

"Arobaini na mbili," akasema.

Luseno akahesabu nyuma yake, taratibu. "Arobaini na mbili," akakubali.

Nzembi akaleta daftari, kama kila Ijumaa. Luseno akatoa kalamu, akautafuta ule mstari kwa kidole, akaupata.

"Hapo ulishasaini, fundi," Nzembi akamwambia.

Alisema kwa upole tu, kama mtu anayemwonyesha mzee njia. Luseno akabaki ameshika kalamu. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari tangu nyumbani. Nikaweka sufuria mezani, nikawaambia wale kabla ugali haujapoa.