Sikio la Palahala

Kibali cha kuwinda kilikuwa bado hakijatoka, nami nilishaishusha picha yetu ya harusi ukutani ili pembe za palahala, yule swala mkubwa wa porini kwetu, zipate mahali. Mke wangu akauliza picha itakaa wapi. Nikamwambia itakaa kabatini, kwani harusi kila mtu amefunga.

Pale kwenye kahawa, Tabora mjini, nilikuwa mwalimu wa pembe. Nilifundisha kwa fimbo yangu: palahala dume mpime kwa sikio lake. Pembe, ukiifuata inavyopinda, ikizidi masikio manne, huyo piga. Hakuna aliyeniuliza nimepiga wangapi. Jibu lilikuwa mmoja, na huyo alipigwa na shemeji yangu.

Tuliingia porini, mbele ya Igalula, mimi na mtani wangu, Mzaramo aliyestaafu reli akabaki huku. Sisi Wanyamwezi na wao tunataniana tangu enzi babu zetu wakibeba mizigo hadi kwao pwani. Mtani hukutukana hata msibani, na kukasirika ni mwiko.

Dume alisimama ubavu, kwenye majani yaliyoungua. Nikapima. Masikio matano na zaidi.

"Mtani, sikio lile limekatika," alininong'oneza. "Nusu limeliwa na fisi."

"Na lako limeliwa na nini, mbona husikii nikikwambia nyamaza?"

"Ngozi bado ya kahawia. Huyo mtoto, mtani. Mwache."

Tangu tujuane hakuwahi kuniambia neno la kweli. Kwenye harusi ya binti yangu alitangaza kwamba mimi niliokotwa ndani ya furushi la mpagazi. Nikacheka kimoyomoyo, nikapiga.

Tulipomfikia, sikio la upande wangu lilikuwa kipande tu, lenye kovu la zamani. La pili lilikuwa zima, na kwa hilo pembe hazikufika hata masikio matatu. Madume wakubwa huwa weusi. Huyu alikuwa bado wa kahawia. Nilingoja mtani anicheke. Hakucheka.

Pembe alizichukua kwa haki ya utani, na kila Idi huja nazo kwangu, akaniomba nizipime mbele ya wageni. Nazipima. Picha ya harusi imerudi ukutani. Mke wangu aliitundika mwenyewe, juu kuliko zamani, mahali nisipofika bila kiti.

Siku hizi mtani akinitania, kwanza namtazama usoni. Analalamika kwamba uzee umeniharibu, sina utani tena.