Kiti cha Mjomba

Pale stendi ya Mikumi wanasema Melkizedek anaringa kwa sababu ya wazungu wake. Anaringa nini? Mtu anaamka amechoka, analala amechoka. Mimi ndiye dereva wake, nimemzungusha miaka yote hii kupiga picha za harusi za wageni, watu wanaopanda ndege kutoka kwao waje waoane nyikani ili twiga waonekane nyuma. Wakiondoka wanamkumbatia. Jina lake limewashinda, wanamwita Meki, naye anaitika.

Jumamosi ninayoisema, kwao Mamboya kulikuwa na harusi ya Brightness, mtoto wa dada yake Lea. Sasa kwa Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yupo na anaheshimiwa, lakini kwenye ukoo wao anayemtoa binti ni mjomba. Upande wa bwana harusi husimama uani mpaka mjomba awakaribishe, kisha yeye hukaa kwenye kiti kando ya binti na kumkabidhi. Na aliyekaa kwenye kiti hicho siku hiyo ndiye mjomba wa ndoa ile mpaka kufa. Ikiyumba, ataitwa yeye. Mtoto akizaliwa, ataambiwa yeye kwanza. Melkizedek hakujaliwa mtoto. Alikuwa na Brightness tu, amemlea toka anasoma chekechea.

Kosa lake ni kukubali kazi ya asubuhi siku hiyohiyo. Alijipa moyo kwamba wageni watafunga ndoa jua likichomoza, tutashika njia ya Kilosa mapema, na mchana tutakuwa Mamboya. Suti yake ilikuwa inaning'inia kiti cha nyuma.

Ndoa ilifungwa mapema kweli, kwenye hoteli moja ukingoni mwa hifadhi. Nikawasha gari. Thubutu! Kumbe wakati wa kiapo upepo ulimfunika bibi harusi uso kwa shela, basi Happiness, dada wa Dar anayewapangia wageni sherehe, akasema warudie. Wakarudia. Bwana harusi akaona alifumba macho, wakarudia tena. Halafu wakataka tembo. Tembo ni mtumishi wa nani? Tukakaa kumsubiri tembo, watu wazima na akili zetu.

Lea akapiga simu. Melkizedek aliiweka sauti ya nje, mikono yake ilikuwa imejaa lenzi.

"Kaka, wamefika, wamesimama uani. Mchungaji ana ndoa nyingine Magole, hawezi kungoja."

"Nakuja."

"Usiniambie unakuja. Niambie uko wapi."

Akabadilisha lenzi. Lea akasema kwa upole kwamba kama hatufiki, kwenye kiti atakaa Tomasi, mdogo wao.

Nikamwambia, kaka, achana nao, twende zetu. Akanitazama kwa macho mekundu ya vumbi. "Gerald, hawa wana siku moja tu."

"Na wewe unazo ngapi?" nikamuuliza. Nilikuwa na hasira za kupasuka. Hajui kusema hapana, huo ndio ugonjwa wake. Angemwambia tu Happiness kwamba kwao kuna harusi, nadhani yule dada angemruhusu, si mtu mbaya. Hakumwambia. Alirudi juani na kamera yake.

Tembo hakuja. Tulipoachiwa, tulikula vumbi nyuma ya malori mpaka Kilosa, na Dumila hatukusimama hata kununua maji. Suti aliivaa humohumo garini, akafunga tai kwa kioo changu. Nilitaka kumtania kidogo, nikaona haifai.

Mamboya tuliwakuta wametoka kanisani, wanakula. Tomasi alikuwa kwenye kile kiti kando ya Brightness, na wazee wa upande wa pili walikuwa wakimwita mjomba. Hakuna aliyemgombeza Melkizedek. Lea alimletea maji ya kunawa na sahani ya pilau, akasema, "Pole na safari, kaka." Mimi niliona heri angetukanwa.

Brightness akainuka, akaja na gauni lake refu, akapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuwa na kinyongo, mtoto wa watu. Alikuwa anacheka kwa furaha ya siku yake. Akaliona begi begani kwake.

"Afadhali umekuja na kamera, maana hapa wamepiga za simu tu. Tupige basi, mimi na mume wangu na mjomba."

Akageuka kumpungia Tomasi mkono aje.

Melkizedek akaitoa kamera. Akarudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja, akamwambia Tomasi ainue kidevu.