Tairi za Jua Mlimani Sideling

Verna Lockett hakuwahi kupenda mwendo wa kasi. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wa Launceston wakisikia alikuwa kwenye klabu yetu ya magari ya michezo, hudhani ni mama wa kupaa kwenye kona. Wapi! Alikuwa mpishi wa kantini ya shule upande wa Ravenswood, mwanamke wa kufunga mkanda kabla hajafunga mlango. Gari jekundu la viti viwili lililokaa bandani kwao lilikuwa la mumewe, Lindsay. Kazi ya Verna ilikuwa kushika chupa ya chai na kufumba macho.

Lindsay alikufa mwezi wa tatu, kwa moyo, akimwagilia nyanya. Siku chache kabla ya hapo aliifunga Mazda yake tairi mpya za mashindano, zile laini ambazo sheria inaziruhusu barabarani kwa shingo upande. Alikuwa amejiandikisha kwenda kulikimbiza gari uwanjani Symmons Plains. Hakufika, maskini, na tairi zikabaki bandani na vinyweleo vyake vya dukani.

Sasa, klabu yetu ina desturi. Mwanachama akifa, majira ya baridi yanayofuata gari lake hupandishwa mlima Sideling na kushushwa Scottsdale, likiendeshwa na mtu wa nyumba yake, la pili kwenye msafara, nyuma ya mwenyekiti. Na huenda kama marehemu alivyoliacha. Halioshwi, kiti hakisogezwi, hata karatasi za pipi hubaki mlangoni. Tukifika tunakula pai na supu ya njegere, tunapiga honi zote kwa pamoja, basi, matanga yamekwisha. Familia iuze gari au ilale nalo kitandani, shauri yao. Ni desturi nzuri na nimeshatoa machozi yangu humo. Lakini walioitunga ni watu, na mvua ya Julai hapa Tasmania haikuhudhuria mkutano huo.

Tairi ya mashindano inataka joto. Ikichemka hung'ang'ania lami kama kupe. Ikiwa baridi mpira wake huwa mgumu, na mifereji yake ni michache, maji hayana pa kupitia. Nilimwambia Verna waziwazi, "Shoga, kupanda Sideling na hizo mwezi huu ni kuingia bafuni na kandambili kwenye povu la sabuni."

"Nitaenda polepole, Nola."

"Hata bafuni hakuna anayekimbia, na watu wanavunjika viuno."

Nikamkokota mpaka kwenye duka la tairi. Muuzaji, bwana mmoja mnene aitwaye Dragan, alizunguka gari mara moja, akainama, akaguna.

"Mama, unaliendesha wapi hili?"

"Barabarani."

"Uwanjani huendi?"

"Nikafanye nini uwanjani, nikauze soseji?"

Dragan akacheka, akatuwekea tairi tatu sakafuni. Ya kwanza ilikuwa ngumu, rahisi, ya kudumu mpaka uichoke, ila kwenye maji alisema haiaminiki. Ya pili ilikuwa ya michezo, nzuri kweli kwa mtu wa kiangazi. Ya tatu ilikuwa ya misimu yote, yenye mifereji mirefu na kashata za mpira zilizokatwakatwa. "Hii haina sifa," alisema. "Hakuna atakayekuja kuipiga picha. Lakini asubuhi ya baridi inashika kabla hujatoka mtaani kwenu."

Verna aliibonyeza kwa ukucha. "Mbona nyembamba kuliko za Lindsay?"

"Gari lako jepesi, mama. Tairi pana kwenye gari jepesi, ukikuta dimbwi, linaelea. Nyembamba inayakata maji."

Aliuliza maswali ya maana. Breki zinashikaje, upepo kiasi gani, zitapiga kelele? Nilimwona akiwa mtu anayejua kuchagua, kama anavyochagua viazi vya kantini. Akaichagua ile ya tatu, akafungua pochi. Halafu akaifunga.

"Siwezi. Kama alivyoliacha, Nola."

"Aliliacha kiangazi!"

"Umesikia Trevor alivyosema."

Nilisikia, tena nilikuwepo. Trevor Quilty ndiye mwenyekiti wetu, rafiki wa Lindsay tangu ujana, naye ana Mazda kama ile ile, ya buluu. Kwenye kikao alimshika Verna bega akamwambia, "Shemeji, desturi ni desturi. Leo tukibadilisha tairi, kesho mtu atabadilisha injini. Wewe nifuate tu, nitakuongoza." Wote wakaitikia kwa vichwa. Trevor ni mtu mwema, sikatai, ila ana ule ugonjwa wa watu wema wa kumpeleka mwenzao shimoni huku wakimpapasa mgongo. Nami nikabwatuka mpaka nikaambiwa nikae. Kisha, kwa kuwa desturi inataka mwanachama wa siku nyingi aketi pembeni ya dereva, wakanichagua mimi. Mdomo wangu umenitia mashakani mara nyingi, lakini hapo ulitia fora.

Jumapili yenyewe ilikuja na mvua nyembamba, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye mikalitusi. Verna alivaa koti la Lindsay, mikono ameikunja mara mbili, na kwa kuwa kiti hakisogezwi, alikuwa akilifikia kanyagio la klachi kwa ncha ya kiatu. Nilitazama hilo nikakaza mkanda wangu. Nilikuwa nikiogopa, naona aibu kusema uongo.

Mpaka chini ya mlima tulikwenda salama. Taa nyekundu za Trevor zilikuwa mbele yetu, msafara mzima nyuma. Mlima ulipoanza kukaza kona, nikalisikia gari likibadilika chini ya makalio yangu. Mtu aliyezoea magari haya husikia kwa makalio kabla ya masikio. Nyuma kulikuwa kunateleza kidogo kila tulipokunja, kisha kunashika, kisha kunateleza tena.

"Umesikia?" Verna aliuliza.

"Nimesikia. Usikanyage mafuta ghafla. Na breki usiiguse kwenye kona."

"Kwa hiyo niguse nini?"

"Usukani, mama. Na Mungu."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Kona ya kwanza, ya pili, akazipita vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha ikaja moja ya kupinda kushoto, yenye magome yaliyolowa juu ya lami, na ncha ya kiatu chake ikateleza kwenye klachi. Gari likaruka kama limepigwa kofi. Mkia ukatoka. Verna akaachia mafuta, mkia ukarudi na kupitiliza, tukazunguka, na mimi nikaona miti, barabara, miti tena. Tuliposimama tulikuwa tumekingama barabarani, injini imezimika, pua yetu iko upande wa wanaoshuka.

Nyuma yetu wenzetu walisimama kwa mbali. Trevor alikuwa ameshapotea mbele.

"Washa," nikasema. "Verna, washa."

Akawasha. Akatia gia, akakanyaga, na magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale bila kushika chochote. Zii! Tukasikia kwa juu injini ya lori, ile sauti ya gari zito linalojizuia. Verna aliachia, akakanyaga tena. Zii! Lori la maziwa likatokea kwenye kona, kubwa, la rangi ya fedha, likapiga honi, likaanza kulia breki zote. Nilifunga macho. Sikuomba wala sikukumbuka watoto wangu, nilishika tu koti la Lindsay kwa mikono miwili kama mtoto.

Nilipofumbua, bampa ya lori ilikuwa karibu kiasi kwamba niliona wadudu waliokufa juu yake. Dereva akashusha kioo.

"Akina mama, mmepapenda hapa? Niwaletee mito?"

Akashuka, yeye na wenzetu wawili, wakatusukuma mpaka upande wetu. Alipokuwa akirudi kwenye lori lake alizitazama tairi zetu, kisha akamtazama Verna. "Nani alikuvalisha hizi leo?" aliuliza, na safari hii hakuwa akitania.

Tulipanda kilichobaki kwa mwendo wa kutembea mpaka juu, pale kwenye uwanja wa kutazama mabonde. Trevor alikuwa ametusubiri, mwavuli mkononi, mkewe Bronwyn ndani ya gari. Barabara ya kushuka Scottsdale ilikuwa mbele yetu, inang'aa kwa maji, na kushuka ndiko kubaya zaidi.

"Haya shemeji!" Trevor akasema. "Umeona? Umefika juu. Bado kushuka tu."

Verna alitoka garini. "Trevor, gari lako na hili ni pacha, au sio?"

"Pacha kabisa."

"Magurudumu yanaingiliana?"

"Yanaingiliana, ndiyo. Kwa nini?"

"Zako ni tairi za mvua, nimeziona. Basi tubadilishane. Nipe zako, wewe vaa za Lindsay. Zitafika Scottsdale kama desturi inavyotaka, tena na rafiki yake."

Watu walikuwa wameshashuka magarini, wamesimama kwenye mvua. Trevor alizitazama zile tairi. Akaitazama barabara.

"Shemeji, sikiliza. Mimi nina Bronwyn humu ndani." Akajaribu kutabasamu. "Na wajukuu, unajua, wanatungoja huko chini."

"Ahaa," Verna akasema. "Na mimi kwa kuwa nimebaki peke yangu, sina wa kunililia."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiporomoka vile. Nilikuwa na maneno yangu ya kumwongezea, nimeyalimbikiza tangu kikaoni, lakini nilipomwona hivyo niliyameza. Kulikuwa hakuna tena pa kumpigia.

Mlango wa gari la buluu ukafunguka. Bronwyn alishuka bila koti, akazunguka nyuma, akafungua buti, akatoa jeki na spana akaviweka chini miguuni pa mumewe.

"Nipishe, Trevor," alisema.

"Bron, na sisi tutashukaje?"

"Kwa magari ya watu, kama wakitutaka. Hili libaki hapa mpaka liletewe trela."

Trevor aliweka mwavuli chini. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Jumapili, akaanza kulegeza magurudumu ya gari lake mwenyewe. Verna naye akatoa spana ya Lindsay butini. Mwanachama mmoja akamsogelea, akanyoosha mkono aipokee.

"Lete nikusaidie, mama."

"Hapana. Haya ni yangu."

Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Nilichuchumaa naye, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Lindsay asingekasirika. Akanijibu bila kunitazama.

"Lindsay alikuwa akitazama mawingu hata akienda kununua mkate. Leo angekuwa amezitoa kabla ya chai. Nilijua, Nola. Hata dukani kwa yule bwana nilijua. Lakini ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake, hii. Nikifungua, nimefungua mimi."

Nati ya kwanza ilikataa. Akasukuma kwa mikono, ikakataa. Akasimama juu ya mpini wa spana kwa miguu miwili, ameshika paa la gari, akajiachia kwa uzito wake wote. Nati ikalia, ikalegea.

"Amekaza huyu mume wangu," alisema. "Amekaza kama mtu wa kurudi."

Akakaa chini kwenye maji, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi. Hatukumwambia anyamaze. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa koti la Lindsay, akaokota spana, akaiweka kwenye nati ya pili.