Miguu ya Khairat Jaridani

Nadhira wa Malindi ya Unguja alikuwa na kiburi kimoja tu. Kila bibi harusi aliyemchora piko, ile rangi nyeusi ya maua ya harusi, kisiginoni alimwekea shada la karafuu, na punje moja imedondoka pembeni. Wanawake wakija harusini kumtazama bibi harusi, huinamia kisigino kwanza. "Hii ya Nadhira," husema, na yeye hujifanya hasikii.

Lakini alitaka zaidi. Alitaka aitwe msanii. Siku za kawaida aliwachora wageni mikono katika hoteli moja ya Shangani, na juu ya meza ya mapokezi palikuwa na majarida chungu nzima: ya kupiga mbizi, ya mitindo, ya mapishi, upuuzi mtupu wa karatasi za kung'aa. Aliyapekua yote akisubiri wateja. Mpaka siku moja akakutana na jarida la sanaa ya watu walio hai, lenye kazi za nyuzi, za udongo, za mabati makuukuu, hata za ukili, na chini ya kila picha jina la aliyeifanya, kwa herufi nene. Alilisoma kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Hawa, alijiambia, wanajua kuuliza nani kafanya.

Basi mpiga picha wa jarida hilo, mwanamke wa maneno ya upole, alipofikia hotelini hapo, Nadhira alimwandama mpaka akakubali kuja kupiga picha siku anamchora Khairat, bibi harusi wa Chukwani. Na hapo ndipo alipokosea, tena kosa la mtu mzima. Miguu ya bibi harusi hutazamwa na wanawake wenzake na mumewe, basi. Hakuna asiyejua. Khairat mwenyewe alisita.

"Uso hautoonekana, mwanangu," Nadhira alimwambia. "Nani atajua kama ni wewe?"

"Mama asijue lakini."

"Atajulia wapi?"

Toleo lilipofika hotelini, alilifungua pale pale amesimama. Miguu ya Khairat ilijaa ukurasa mzima, mpaka magotini, na punje ya karafuu imedondoka mahali pake. Chini yake, kwa herufi nene, jina la mpiga picha. Nadhira alipekua mbele na nyuma akitafuta lake. Halikuwepo. Paliandikwa tu kwamba hayo ni mapambo ya asili ya Unguja, utadhani yanaota yenyewe miguuni mwa watu!

Mfanyakazi mmoja wa hoteli aliipiga picha ile kwa simu, akaituma kwa shoga yake, na shoga naye hakuwa mchoyo. Chukwani ikafika upesi. Wanawake waliokuwa harusini hawakuhitaji kusomewa jina. Karafuu iliyodondoka waliijua.

Bi Maisara, mama yake Khairat, alikuja nyumbani kwa Nadhira na simu mkononi. Kiti alikikataa.

"Shikamoo, Bi Maisara."

Alimnyooshea simu. "Kazi ya nani hii?"

Swali lile Nadhira alilingoja miaka. Angeweza kukana, na jarida lingemshuhudia. Lakini uchungu ulimpanda.

"Yangu," alisema. "Kila mstari."

"Basi usikanyage tena kwangu, wala kwa ndugu zangu. Mume wa mwanangu hata kusema naye hataki."

Nadhira hakumlaumu. Aliyemchukia ni yule mwenye maneno ya upole, na zaidi yake alijichukia mwenyewe. Mabibi harusi wakahamia kwa wachoraji wengine. Akabaki na wageni wake wa Shangani.

Juzi mmoja wao alikaa mbele yake, akalichukua jarida mezani, akamfunulia ukurasa ule.

"Nzuri mno hii. Unaweza kunichorea kama hivi?"

Nadhira alikitazama kisigino cha Khairat.

"Ntajaribu," alisema, akamwomba anyooshe mguu.