Herufi Zinazopiga Filimbi

Siku yangu ya kwanza kazini mpira ulinitoroka. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na filimbi mpya shingoni, nikapangiwa shule ya msingi upande wa Nyamarambe. Mwalimu mkuu, mzee Msabato aliyezungumza siku zote kana kwamba yuko mimbarani, akanipeleka nyuma ya madarasa. Nikamwuliza uwanja uko wapi.

"Umesimama juu yake," akasema.

Nilitazama. Kulikuwa na nyasi, mbuzi aliyefungwa kamba, na mteremko ulioishia mtoni. Nikauweka mpira chini nifunge viatu, nao ukaanza safari. Darasa la pili zima likaufuata kwa vifijo, likapotelea kwenye migomba, likarudi na mpira uliolowa maji. Kupasha mwili joto, yaani mazoezi mepesi ya kuanzia somo ili misuli isishtuke, kulikuwa kumekwisha fanyika bila mimi.

"Watoto wa huku huzaliwa wakikimbia," mwalimu mkuu akaniambia. "Wewe utawafundisha nini hasa?"

Swali hilo lilinikera muhula mzima. Baadaye nililipenda, maana lilinifanya niwatazame watoto vizuri zaidi kuliko nilivyofundishwa chuoni.

Vifaa havikuwapo, basi tulivitengeneza. Mipira tuliisuka kwa majani makavu ya mgomba na kuikaza kwa kamba ya katani. Mbio za kupokezana vijiti, ambazo mkimbiaji humkabidhi mwenzake kijiti bila kusimama, tulizikimbia na magunzi ya mahindi. Watoto waliliita somo letu "pii", kutoka herufi za Kiingereza P.E., na mpaka leo nikipita njiani mtu mzima mwenye kitambi huniita Mwalimu wa Pii.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kutazama. Niligundua kwamba watoto wanaochuma chai na wazazi wao hudaka mpira kwa mikono miwili, haraka, bila kuutazama sana. Wanaobeba maji kichwani hukimbia shingo imenyooka. Mtoto ambaye jana alichapwa hakubali kubingirika, maana kubingirika kunataka umpe mwenzako mgongo. Mume wangu husema mimi ni mdaku wa miguu ya watu, na hajakosea.

Kisha nikahamishwa kwenda shule moja upande wa Nyaramba. Huko mwalimu mkuu alikuwa mtu wa mitihani. Hakuwa mbaya, wazazi walimlaumu kila matokeo yalipotoka, naye akatafuta pa kupata muda wa masomo. Akaipata saa yangu.

"Mwalimu Nyaboke," akaniambia ofisini, "hiyo pii yako haiko kwa mtihani. Kuanzia wiki ijayo wale wako nyuma watabaki ndani wakifanya hesabu. Wengine wacheze."

Wa kwanza aliyetajwa alikuwa Kemunto wa darasa la tatu, msichana mwembamba aliyekuwa amekwisha rudia darasa hilo mara moja. Ilisemekana ana kichwa kigumu na ulimi wa kitoto. Neno "soma" alilitamka "oma", na wenzake wakamfanya Oma kuwa jina lake. Nyanya yake, aliyekuwa akimlea, alikuja shuleni akaniambia kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, kwamba amechoka.

"Mwalimu, huyu atakaa darasa moja mpaka aote mvi? Akirudishwa tena, abaki nyumbani tuchume chai. Angalau majani hayamcheki."

Maneno hayo yaliniuma. Niliijua chai ile. Mtoto akishaingia humo na kikapu mgongoni, hurudi shuleni kwa nadra sana.

Sasa, Kemunto alikuwa ameniwasha udadisi tangu nilipofika. Tulikuwa na mchezo wa kuganda: watoto hukimbia ovyo, na filimbi ikilia kila mmoja husimama alipo. Kemunto aliganda kila mara, ila aliganda nyuma ya wenzake. Kwanza nilidhani ni mkaidi. Halafu nikadhani anaogopa filimbi, maana wapo watoto wa namna hiyo. Nikaanza kumtazama macho badala ya miguu, nikaona kwamba anapokimbia hayatulii. Alikuwa anawachungulia wenzake. Wakiganda wao, naye anaganda.

Nikamwuliza nyanya yake kama mtoto husikia vizuri.

"Huyu?" akacheka. "Nikimwita ugali uko tayari, anafika kabla sijamaliza kutaja jina."

Mwalimu wake wa darasa naye aliniambia hivyo hivyo: ukimwita Kemunto, anageuka. Basi anasikia. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwita akageuka. Nikabaki na fumbo langu, na wiki ikawa inakwisha.

Siku ya mwisho kabla ya amri ile kuanza, niliazima ngoma ya kwaya kanisani. Nikawapanga darasa la tatu mstari mmoja, wamenipa mgongo, wamelielekea shamba la chai. Nikawaambia wakisikia sauti yoyote, wakae chini, na atakayegeuza kichwa ametoka mchezoni. Kemunto alikuwa mwishoni mwa mstari, asimwone jirani ila kwa kugeuka.

Nikapiga filimbi. Mstari mzima ukakaa. Kemunto akabaki amesimama peke yake, mikono nyuma, anatazama mwewe anayezunguka juu ya chai, hana habari.

Wenzake wakaangua kicheko. Hapo aligeuka, akaona wote wako chini, akakaa haraka huku uso umemwiva kwa aibu. Nilitaka kulia. Nikawanyamazisha, nikawasimamisha tena, nikagonga ngoma kidogo tu, kwa vidole. Kemunto alikaa kabla ya wote.

Mwalimu mkuu alikuwa amekuja kuuliza ngoma ni ya nini, akifuatana na mwalimu wa darasa lile, Mwalimu Bosibori. Nikamwomba mwalimu mkuu anisaidie. Akaichukua filimbi yangu, akausogelea kabisa mgongo wa Kemunto, akaipuliza mpaka mashavu yakavimba. Mimi niliziba masikio. Kemunto hakutikisika.

"Anajifanya," mwalimu mkuu akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Kemunto!" nikaita.

Akageuka pale pale. "Naam, Mwalimu?"

Tukatazamana sisi watu wazima. Ni Mwalimu Bosibori aliyeziba pengo lililonishinda.

"Mimi mtoto huyu huniita Mwalimu Boibori," akasema polepole. "Miaka miwili nimemkemea, nikidhani ni dharau. 'Soma' ni 'oma', 'shika' ni 'ika', 'fagia' ni 'agia'." Akaweka mkono mdomoni. "Zote ni herufi zinazopiga filimbi. Hazimfikii."

Alizitamka pale uwanjani, moja moja: sss, shh, fff. Nilizisikia kama kwa mara ya kwanza. Ni pumzi nyembamba tu, haina sauti ya kooni, na mtoto huyu alikuwa amejifunza lugha mbili bila pumzi hiyo.

Mwalimu mkuu aliifuta filimbi kwa koti lake akanirudishia. "Leo hesabu zitangoja," akasema. Hakuzungumza tena habari ya kuichukua saa ile.

Mimi na nyanya tulimpeleka Kemunto mjini Kisii akapimwe. Mpimaji alitueleza kwamba sauti nzito humfikia na nyembamba humpotea, ndiyo maana kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi wake na kila ushahidi ulikuwa wa kweli. Nyanya alilia njia nzima ya kurudi, amemshika mjukuu mkono asiuachie hata kidogo.

Kuanzia hapo filimbi ilikaa mfukoni. Nilianzisha somo kwa ngoma na kulimaliza kwa kitambaa chekundu nilichokiinua juu. Darasani Kemunto aliketi mbele, na watoto tukawapa sheria moja: humsemeshi ukiwa nyuma yake, unazunguka kwanza mpaka akuone mdomo. Waliigeuza kuwa mchezo, wakawa wanazungukana wao kwa wao, wanamzunguka hata mwalimu mkuu. Kemunto alipanda darasa la nne kwa alama za kubahatisha, tukashangilia kama tumeleta kombe. Jina la Oma likafa lenyewe.

Nilimalizia kazi karibu na Birongo, na sasa nimestaafu. Nina ndizi, nina kuku, nina magoti yanayonisema nikipanda kilima. Walimu vijana hunitembelea wakiuliza watumie mazoezi gani, na mimi huwauliza nani huchelewa kuganda. Wengine hudhani nimezeeka vibaya.

Juzi nilikuwa sokoni Birongo nikichagua mboga. Mwanamke mmoja, aliyevalia vizuri, alinizunguka akaja kusimama mbele yangu kabisa, karibu akanyage vitunguu vya watu. Nikamjua kabla hajafungua mdomo, kwa yale macho.

"Kemunto!"

Tulikumbatiana mpaka mwenye mboga akatuomba tusogee. Akaniambia ana duka la mbegu Nyaramba na watoto wawili, na nyanya yake alipumzika zamani. Kisha akanitazama kwa namna niliyoijua vizuri sana, kwa kuwa ilikuwa yangu.

"Mwalimu, nilikuita mara nyingi kutoka nyuma," akasema. "Halafu nikaona jinsi unamgeuzia mama wa mboga kichwa."

Sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu. Nilikuwa nachungulia midomo na kucheka pale wengine wanapocheka, nikidhani nimeficha vizuri.

"Ni sikio gani limechoka?" akauliza, na ile 's' akaitamka taratibu, nzima, kama mtu anayevuka daraja la mti.

"La kushoto," nikamwambia.

Akachukua kikapu changu, akahamia upande wa kulia, tukaenda.